Pwani Inayotajwa, Ufuko Usiotajwa: Uhakiki wa Mkusanyiko wa Kidijitali wa Matini za Mwamko wa Ulaya kwa Mtazamo wa Msomaji wa Ngana

Mwanafunzi aliyeko Ngana, wilayani Kyela, jirani na Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi, leo anaweza kusoma kwenye simu yake matini nzima ya kitabu kilichochapishwa London mwaka 1600, na asilipe chochote zaidi ya gharama ya kifurushi chake cha intaneti. Kizazi kimoja nyuma, kitabu hichohicho kilihitaji safari ya Ulaya, au filamu ndogo iliyokuwa ikipatikana katika maktaba chache zenye uwezo. Badiliko hilo si dogo, na wahakiki wanaobeza makusanyo ya kidijitali kwa jumla wangefaa kukumbuka ni nani hasa aliyekuwa amefungiwa mlango kabla ya makusanyo hayo kuwapo.

Mkusanyiko unaojadiliwa hapa ni ule wa matini zilizonakiliwa na Text Creation Partnership kutoka katika Early English Books Online, yaani vitabu vilivyochapishwa kati ya 1473 na 1700, vingi vikiwa vya Kiingereza. Kazi hiyo iliongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Oxford. Tarehe 1 Januari 2015, matini zipatazo 25,000 zilifunguliwa kwa umma bila masharti ya hakimiliki, na mwaka 2020 kundi la pili likaongezwa, hata jumla ikakaribia 60,000. Humo mna historia, safari, tamthilia, mashairi, mahubiri na sheria. Mna pia Afrika Mashariki, na hapo ndipo tatizo la uhakiki linapoanzia.

Makala haya yanadai kuwa mkusanyiko huo unapaswa kusomwa kama kazi yenye utunzi wake, iliyochagua wa kusema na wa kunyamaza, na si kama ghala la ushahidi ambalo mtafiti huingia, akachota na kuondoka. Dai hili lina uzito wa pekee kwa tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa mkusanyiko ni wa bure na makavazi mengine hayafikiki kwa urahisi, matini zake zinaelekea kuwa ndizo zinazonukuliwa kwanza, na mara nyingine ndizo pekee zinazonukuliwa, pindi mwanafunzi anapotaka kusema neno kuhusu pwani na bara la Afrika Mashariki katika karne ya 16.

Utengenezaji wa matini

Anachokisoma msomaji si kitabu cha mwaka 1600. Ni nakala ya nne au ya tano katika mlolongo mrefu. Kampuni ya University Microfilms, iliyoanzishwa Ann Arbor mwaka 1938, ilipiga vitabu picha katika filamu ndogo. Baadaye filamu zikageuzwa kuwa picha za kidijitali. Kisha wachapaji wakazisoma picha hizo na kuchapa upya herufi moja baada ya nyingine. Kila matini ilichapwa mara mbili na watu tofauti, matokeo yakalinganishwa, na kiwango kilichowekwa kilikuwa kosa moja kwa kila herufi 20,000. Kwa upande wa usahihi wa kunakili, ni vigumu kuwalaumu.

Lawama inastahili kuelekezwa kwingine. Pale ambapo mchapaji alishindwa kusoma neno, kwa sababu wino ulififia au filamu ilikuwa na doa, aliweka alama ya pengo. Msomaji aliye katika chuo kilicholipia huduma ya picha anaweza kufungua ukurasa wenyewe akaamua mwenyewe neno ni lipi. Msomaji wa Ngana hawezi, maana matini ni huru lakini picha zimebaki mikononi mwa kampuni na huuzwa kwa taasisi. Hivyo uwazi unaosifiwa ni uwazi wa nusu: mmoja amepewa hoja na ushahidi wake, mwingine amepewa hoja peke yake akaambiwa aamini.

Pengo jingine ni la makusudi. Maneno yaliyochapwa kwa hati isiyo ya Kilatini hayakunakiliwa. Mahali pake pamewekwa taarifa fupi kwamba hapo palikuwa na maandishi ya hati nyingine. Uamuzi huo ulifuata gharama na ujuzi wa wachapaji, na haukuwa na nia mbaya. Lakini matokeo yake kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili si ya kupuuzwa. Hati ya Kiarabu ndiyo iliyotumika kuandikia Kiswahili kwa karne kadhaa. Katika mkusanyiko huu, hati hiyo inapotokea ndani ya kitabu cha Mwingereza, inageuka kuwa shimo katika ukurasa.

Tahajia nayo ina hila zake. Anayeandika “Kilwa” katika kisanduku cha kutafutia hataikuta Kilwa ya karne ya 16. Lazima aandike Quiloa, na kwa Malindi ajaribu Melinde na Melind, na kwa Mombasa ajaribu Mombaza na maumbo mengine. Mwanafunzi asiyeelekezwa hivyo atapata jibu la sifuri, na mashine haitamwambia kuwa swali lake ndilo lililokuwa na tahajia ya leo. Sifuri ya mashine ina mamlaka ya ajabu. Haijadiliwi kama anavyojadiliwa mzee anayesema hajui.

Jina lililo kwenye jalada

Mfano unaofaa kuangaliwa kwa kituo ni kitabu cha mwaka 1600 kinachoorodheshwa chini ya jina la Leo Africanus. Mtu huyo, al-Hasan al-Wazzan, alizaliwa Granada, akatekwa baharini mwaka 1518, akapelekwa Roma na kubatizwa na Papa Leo wa Kumi. Maelezo yake kuhusu Afrika yalichapishwa Venice mwaka 1550 katika mkusanyo wa Ramusio, na mwaka 1600 John Pory akayatoa kwa Kiingereza. Ni Mwafrika wa Kaskazini anayeielezea Afrika, na kwa hiyo amependwa na wahakiki wanaotafuta sauti ya ndani katika maandishi ya Mwamko wa Ulaya.

Tatizo ni kwamba Leo hakufika pwani ya Afrika Mashariki na wala hakudai kufika. Kurasa zinazohusu Kilwa, Mombasa, Malindi na Msumbiji katika toleo hilo zimo katika nyongeza ya Pory mwenyewe, aliyoiandika ili kuziba sehemu ambazo Leo hakuzieleza. Pory aliikusanya nyongeza hiyo kutoka katika vitabu vya watu wengine. Katalogi inatoa jina moja la mtunzi kwa kitabu kizima. Basi mwanafunzi anayetafuta Quiloa, akaikuta, akatazama juu ya ukurasa na kuona jina la Leo Africanus, ataandika kwa imani njema kwamba Mwafrika aliyeishi karne ya 16 aliieleza Kilwa hivi na hivi, kumbe ananukuu msomi wa Kiingereza aliyekuwa akifupisha Wareno. Kosa la namna hiyo haligunduliwi na programu ya kukagua wizi wa kitaaluma. Linagunduliwa na mtahini aliyekisoma kitabu kuanzia dibaji yake, na watahini wa namna hiyo hawapatikani kila siku.

Mfalme anayesikiliza

Ushairi wa kipindi hicho unadai usomaji wa aina nyingine. *Os Lusíadas* ya Luís de Camões ilichapishwa Lisbon mwaka 1572, na tafsiri yake ya kwanza ya Kiingereza, ya Richard Fanshawe, ilitoka mwaka 1655. Camões hakuwa Pory. Aliishi miaka kadhaa ng'ambo, akakwama Kisiwa cha Msumbiji katika umaskini kabla ya kurudi Ureno. Hata hivyo pwani anayoijenga katika shairi ni ya kiutunzi zaidi kuliko ya kijiografia: Msumbiji na Mombasa ni mahali pa hila, Malindi ni mahali pa ukarimu. Mgawanyo huo unafuata siasa za mwaka 1498, ambapo Malindi, iliyokuwa ikishindana na Mombasa, iliona faida ya kumpokea Vasco da Gama. Anayeusoma kama maelezo ya tabia za watu wa miji hiyo amekosea utanzu.

Jambo la kuvutia zaidi kwa mhakiki aliyelelewa katika fasihi simulizi ni nafasi ya mfalme wa Malindi. Mwishoni mwa kanto ya pili anamwomba Gama amsimulie habari za nchi yake. Kanto ya tatu, ya nne na ya tano zote ni simulizi la Gama kwa mfalme huyo. Ni kanto tatu kati ya kumi, na ndizo zinazobeba historia ya Ureno. Mfalme anapojitokeza tena mwanzoni mwa kanto ya sita, ni kwa ajili ya karamu na kuwapa wageni vyakula na rubani. Ameuliza swali, amesikiliza, amelisha.

Katika utambaji wa Kiswahili hadhira haikai hivyo. Fanani hawezi kuanza kabla hajaitikiwa. “Paukwa” isiyo na “pakawa” ni hadithi iliyokufa mlangoni. Mwitikio wa hadhira ndio unaompa fanani ruhusa, na hadhira hiyohiyo inaweza kumkatiza, kumsahihisha au kumwongezea wimbo. Mfalme wa Camões ametolewa katika utamaduni wa usimulizi na kupewa kazi ya sikio. Wahakiki wa Ulaya wameyaeleza mandhari haya kwa kuyalinganisha na Eneya akimsimulia Dido katika shairi la Virgil, na ulinganisho huo ni sahihi kuhusu chanzo cha Camões. Hautoshi kuhusu Malindi. Dido, angalau, anapenda, anakasirika na kufa. Mfalme wa Malindi hana hata jibu.

Kwa John Milton, hata sikio limeondolewa. Katika *Paradise Lost*, kitabu cha 11 kwa mpangilio wa toleo la 1674 (katika toleo la 1667 la vitabu kumi ni sehemu ya kitabu cha 10), Adamu anapandishwa juu ya mlima na kuoneshwa falme za dunia, na miongoni mwake zimo Mombasa, Kilwa, Malindi na Sofala. Zimebaki sauti za majina tu, zilizopangwa kwa ajili ya mizani. Wakati shairi linachapishwa, Kilwa ilikuwa imepita zaidi ya karne moja na nusu tangu kuvamiwa na Francisco de Almeida mwaka 1505. Nguvu yake ilikuwa imepungua sana huku jina lake likizidi kung'aa katika vitabu vya London.

Kilwa tatu zisizomo

Lugha ndiyo iliyochora mpaka wa mkusanyiko, na mpaka huo umeziacha nje matini ambazo zingemjibu Pory na Milton. Zipo tatu zinazosimulia mwanzo wa Kilwa. Ya kwanza ni ya João de Barros, katika *Da Ásia*, juzuu ya mwaka 1552. Barros, ofisa wa Casa da Índia mjini Lisbon, hakufika Kilwa. Alifanyia kazi tarikh ya wafalme wa Kilwa iliyomfikia mezani. Ya pili ni *Kitab al-Sulwa*, tarikh ya Kiarabu ya mtunzi asiyejulikana jina, ambaye anajieleza kuwa alizaliwa mwaka 904 wa Hijria, yaani 1499. Nakala yake ilifanywa Zanzibar mwaka 1877, ikafika kwa balozi mdogo wa Uingereza John Kirk na hatimaye London, na S. Arthur Strong akaichapisha mwaka 1895. Mtunzi aliahidi milango kumi, nakala inaishia katika mlango wa saba. Ya tatu ni ya Kiswahili, iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907.

Tofauti zake ni somo zima la fasihi linganishi. Barros anamweleza Ali kuwa mwana aliyedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Hapa kisa kinaendeshwa na nasaba, kama ambavyo msomaji wa Lisbon angetarajia. Tarikh ya Kiarabu inakaza macho kwenye mapatano: kisiwa kinanunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Simulizi la Kiswahili linampa mwenyeji jina, Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake. Kadiri msimulizi anavyokikaribia kisiwa, ndivyo mwenyeji anavyozidi kuwa mtu. Mabishano marefu kuhusu kama Washirazi walikuja kweli au la yamewashughulisha wanahistoria kiasi cha kuifunika hoja hii ya kifasihi, ambayo haihitaji jibu la mabishano hayo ili isimame.

Inafaa kuongezwa, kwa kupita, kwamba ushahidi wa zamani zaidi wa Kiswahili chenyewe kilichoandikwa na chenye tarehe ni wa karne ya 18: barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, na nakala ya *Utendi wa Tambuka* ya mwaka 1728. Mkusanyiko unaokoma mwaka 1700 unakoma pale ambapo Kiswahili kinaanza kuonekana kwa wino wake. Hilo si kosa la waliouunda, lakini ni sababu tosha ya kutopimia umri wa fasihi ya Kiswahili kwa kipimo cha mkusanyiko huo.

Ufuko wa kaskazini

Pwani inatajwa vibaya. Ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hautajwi kabisa. Ripoti ya Pigafetta kuhusu Kongo, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1597, inaweka maziwa makubwa ndani ya bara, lakini hayo ni maziwa ya kusikia, na kuyalazimisha yawe Nyasa au Tanganyika ni kuwafanyia wachora ramani kazi ambayo hawakuimaliza. Aliyeyakaribia maeneo haya kwa miguu ni Gaspar Bocarro, aliyesafiri mwaka 1616 kutoka Tete hadi Kilwa kupitia nchi za Wamaravi na kuvuka Ruvuma. Habari zake zilihifadhiwa na António Bocarro na hazikuchapishwa hadi 1876, Lisbon. Theal akazitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika mkusanyo wake wa nyaraka za kusini-mashariki mwa Afrika. Hazimo katika mkusanyiko unaohakikiwa. Njia yake ilipita mbali kusini mwa Kyela, lakini inathibitisha jambo moja kubwa: mwaka huo mtu aliweza kutoka Zambezi akafika Kilwa kwa nchi kavu kwa kupokezanwa na watawala wa njiani. Njia hiyo ilikuwapo kabla yake na watu walikuwa wakiitumia. Kalamu ndizo hazikuwa zikiitumia, kwa kuwa kalamu za Ulaya zilikaa pale zilipotia nanga meli.

Basi mwanafunzi wa Ngana anayetafuta ufuko wake katika karne ya 16 akapata sifuri, afanye nini na sifuri hiyo? Jibu la kawaida katika tasnifu ni kuanza historia ya ziwa na Livingstone mwaka 1859, kisha kusogea hadi Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891. Makala haya yanaona kuwa jibu hilo ni la uvivu. Masimulizi ya Wanyakyusa na Wangonde kuhusu Lwembe wa Lubaga na Kyungu wa Mbande, kule Karonga, yana muundo unaoweza kusomwa sambamba na Kilwa. Watawala wanashuka kutoka milima ya Ukinga wakiwa na moto, ng'ombe na chuma, wakawakuta wenyeji wanaokula vyakula vibichi. Kilwani mgeni analeta nguo, Lubaga analeta moto. Katika simulizi zote mbili mwenyeji amepewa upungufu ili mgeni apewe haki. “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” wasemavyo Waswahili, na methali hiyo haisemi ni nani aliyempima mwenyeji akamkuta mgonjwa. Mhakiki anayeweza kumwuliza swali hilo Barros hana sababu ya kutowauliza wasimulizi wa Lubaga.

Kuwaheshimu wasimulizi hao ni pamoja na kuwahakiki. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, na kazi ya Godfrey kuhusu utawala wa Ngonde, ya mwaka 1939, ilikubaliwa kwa muda mrefu kama neno la mwisho. Owen Kalinga, kwa masimulizi aliyoyakusanya mwenyewe, aliihoji katika kitabu chake cha 1985, hasa kuhusu nafasi ya biashara katika kukua kwa dola ya Kyungu. Yaani masimulizi nayo yana matoleo, wanakili na wahariri. Mmoja wa wanakili hao alikuwa Leonard Mwaisumo, karani wa Kinyakyusa aliyewafanyia kazi akina Wilson. Nafasi yake katika karatasi zile haitofautiani sana na ya Pory katika kitabu cha Leo: mkono wake umo, lakini jina la jaladani ni la mwingine.

Karatasi za akina Wilson ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, chuo ambacho chumba chake cha kusomea cha Jagger kiliungua Aprili 2021. Oktoba 2023 shambulio la kimtandao lilizima huduma za kidijitali za British Library kwa miezi mingi. Hivyo karatasi haiko salama, wala seva haiko salama, na kuhifadhi mahali pamoja tu ni kubahatisha.

Matini za Text Creation Partnership, kwa kuwa hazina hakimiliki, zinaweza kupakuliwa, kuhifadhiwa Kyela na kuongezewa maelezo. Kazi ya kwanza ni nyepesi: orodha ya tahajia inayomwezesha anayeandika Kilwa kuikuta Quiloa, na taarifa kwenye kitabu cha 1600 kwamba kurasa za pwani ni za Pory. Kazi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni tafsiri ya Kiswahili ya sura ya Barros na ya *Kitab al-Sulwa*, zikipangwa kando ya matini ya Velten. Ya tatu inamhitaji mtu anayejua Kinyakyusa vizuri, aketi na maandishi aliyoyanakili Mwaisumo kabla ya kufungua kitabu chochote cha Wilson.